Vitz ya 2006 inatetemeka, inapunguza maji, nimeambiwa injini imekufa: naombeni msaada kabla sijanunua nyingine

MTABATA:

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie, nataka atakayenisaidia apate picha nzima.

Nina Vitz ya 2006, chesisi KSP90, injini 1KR-FE ya silinda tatu, cc 996. Dashibodi inasoma kilomita 168,000. Hii ndiyo gari ya familia. Asubuhi inapeleka watoto shule, mchana mke wangu anasambazia keki na maandazi ya oda. Ikilala gereji siku mbili, kipato cha nyumba kinapungua na tunakiona kinapungua.

Kama miezi minne nyuma maji yalianza kupungua kwenye rejeta, karibu lita moja kwa wiki. Chini ya gari palikuwa pakavu, hivyo nikawa naongeza tu, maji ya bomba. Mwezi uliopita, foleni ya Buguruni saa mbili usiku, taa nyekundu ya joto ikawaka. Mke wangu ndiye alikuwa kwenye usukani, watoto wawili nyuma, mvua inanyesha. Hakutaka kusimama pale gizani, akaendelea taratibu mpaka Tabata Relini. Simlaumu hata kidogo. Mimi mwenyewe ningeendelea, sikujua ile taa inamaanisha nini hasa.

Tangu usiku ule gari si yangu tena. Asubuhi ukiiwasha inatetemeka kama dakika mbili, halafu inatulia. Ekzosi inatoa moshi mweupe. Kilima cha kutokea kwetu inapanda kwa gia ya kwanza. Mafuta ya elfu hamsini yaliyokuwa yananifikisha Alhamisi sasa yananiishia Jumanne. Taa ya injini inawaka, na mara nyingine inapepesa.

Fundi wa karibu na nyumbani ameshaweka plagi tatu mpya (114,000), koili mbili za mtumba, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi (90,000), amesafisha nozeli (60,000), amebadili pampu ya mafuta kwa ya mtumba (85,000), na ufundi 70,000. Jumla 419,000. Hali ni ileile. Juzi ameniambia ringi, zile pete za pistoni zinazozuia presha isipite, zimekwisha, injini imekufa, nitafute ya mtumba. Amenipatia moja kwa 1,900,000 na yeye ataifunga kwa 300,000.

Nina laki tisa ndani, na hiyo ni ada ya Januari. Swali langu: dalili hizi ni za injini kufa kweli? Na kama kuna namna ya kuhakikisha kabla sijatoa pesa, ni ipi?

KIJANA WA MBAGALA:

Pole mkuu. Hizo Vitz za silinda tatu zikishachemsha mara moja ndiyo basi. Ila jaribu kwanza kutoa themostati. Dar hii na joto lake themostati ya nini? Mimi nilitoa ya kwangu, maji yanazunguka muda wote, haichemshi.

FUNDI WA MWENGE:

Mleta uzi, pole sana. Niko gereji mwaka wa 22 sasa, na nakuomba kitu kimoja: hiyo laki tisa usiiguse kwanza. Nimesoma ulichoandika mara mbili, na sijaona mahali fundi wako amepima chochote. Plagi, koili, nozeli, pampu: kila kimoja kimebadilishwa kwa kukisia. Hata huko "kufa" kwa injini ni makisio.

Nijibu haya manne. Gari ilisomwa kwa mashine? Namba ya hitilafu ilikuwa ipi? Plagi za zamani zilipotolewa, uliziona? Kuna mtu amepima kompresheni?

Kijana wa Mbagala, nakuomba urudishe hiyo themostati, na nitakueleza sababu. Kazi yake ni kuzuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ifike joto la kazi, nyuzi 80 na kitu. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, na kwenye barabara isiyo na foleni inaweza isifike kabisa. Kompyuta ya gari inamsikiliza sensa wa joto. Ikiambiwa injini bado ya baridi, inaongeza petroli. Ndiyo maana waliotoa themostati wanalalamika gari inakula mafuta bila kujua chanzo. Na oili isiyopata moto wa kutosha haikaushi unyevu wake, inageuka tope. Gari inayochemsha ina ugonjwa mahali: wota pampu, feni, rejeta iliyoziba, mfuniko wa rejeta uliochoka, gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku). Kutoa themostati ni kumpa panadoli mwenye malaria. Homa itashuka na yeye anaendelea kuumwa.

MTABATA:

Fundi, asante mno kwa muda wako. Ilisomwa kwa mashine siku ya kwanza, lakini akaifuta papo hapo, hakuandika namba. Plagi za zamani alizitupa. Kompresheni ndiyo kwanza nalisikia neno hilo.

FUNDI WA MWENGE:

Basi tunaanza upya, tena kwa bei ndogo.

La kwanza, itafute hiyo namba. Mtu mwenye mashine akusomee, na umwambie asifute. Namba zinazoanzia P0300 ni za silinda kumisi, yaani petroli kutoungua sawasawa. P0300 yenyewe ni kumisi ovyo, popote. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, P0303 ya tatu. Kwenye injini yako namba moja ni iliyo upande wa mkanda. Ila elewa kwamba namba inakutajia chumba chenye mgonjwa, haikutajii ugonjwa. Wengi wakiona P0302 wanakimbilia dukani kununua koili.

La pili, hamisha koili. Ikija P0302, chukua koili ya namba mbili iweke namba tatu, ya tatu iweke mbili, futa, tembea nusu saa, soma tena. Namba ikihama ikawa P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, koili haina kosa. Ni dakika kumi za kazi na boliti moja kwa kila koili.

La tatu, toa plagi zote asubuhi injini ikiwa ya baridi, zipange chini kwa mpangilio wake na uzipige picha. Plagi inasema ukweli kuliko mimi. Yenye rangi ya kahawia isiyokolea ni nzima. Nyeusi kavu kama masizi, petroli imezidi. Nyeusi yenye mafuta, oili inapita. Na ukikuta moja ni safi na nyeupe kama imeoshwa huku wenzake wana rangi, hapo usiondoke, niite.

La nne ni kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaweza kubana, tutafika.

Na nakusihi jambo hili: usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Mle ndani maji yana presha, kwa hiyo yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua yanachemka papo hapo na kukurukia usoni. Nimewahi kumpeleka kijana wangu hospitali kwa sababu hiyo, na makovu anayo mpaka leo.

DADA WA HAMBURG:

Habari zenu ndugu zangu. Niko Ujerumani, naendesha Toyota Aygo ya 2008, na nimeuingilia uzi huu kwa sababu injini ni hiyohiyo 1KR. Aygo, Peugeot 107 na Citroën C1 zilitoka kiwanda kimoja cha Kolín, Jamhuri ya Cheki, kuanzia 2005, na za petroli zilifungwa hii ya silinda tatu ambayo asili yake ni Daihatsu. Injini nzuri, ilipata tuzo ya kimataifa ya injini bora chini ya lita moja miaka minne mfululizo, 2007 hadi 2010. Lakini ina udhaifu mmoja ambao wenye gari hizi huku wote wanaujua: wota pampu. Inavuja kidogokidogo, na maji yanakauka juu ya injini yenye moto kabla hayajafika chini. Ndiyo maana huoni tone.

Chukua tochi, angalia upande wa mkanda, chini ya puli ya wota pampu. Ukiona ukoko umeganda kama chumvi, au michirizi imekwenda pembeni, hapo ndipo maji yako yalipokuwa yanaishia. Mimi yangu ilikuwa na ukoko wa pinki kwa sababu nilikuwa na kulanti ya pinki, yale maji maalumu ya rejeta. Wewe uliyetumia maji ya bomba, tafuta weupe au kutu.

NYALI:

Salaam kutoka Mombasa. Ndugu yangu, kabla hujanunua injini nisikize. Mimi nina Passo, na iliniteketeza. Ilichemka kule Mariakani nikielekea Voi. Makanika akaniambia injini imekwenda, nikaagiza nyingine Nairobi, Kirinyaga Road, ikaletwa kwa basi, ikafungwa. Miezi miwili haikutimia, na hiyo ya pili ikachemka palepale.

Kisa chake nini? Rejeta ilikuwa ni ileile ya zamani, imeziba nusu kwa kutu ya maji ya kisima. Hakuna aliyeuliza injini ya kwanza ilichemka kwa nini. Nilizika injini mbili kwa ugonjwa wa rejeta. Hata huyo fundi wako akikuletea injini mpya kutoka kiwandani, muulize kwanza maji yalikuwa yakienda wapi.

MTABATA:

Dada wa Hamburg, nimerudi kutoka nje na tochi sasa hivi. Upo! Ukoko mweupe umechanganyika na kutu, umeanzia chini ya puli na kushuka mpaka kwenye mabano ya mota ya AC. Nimeukwangua kwa ukucha, unabanduka kama chokaa. Miezi minne naongeza maji na jibu lilikuwa sentimita thelathini kutoka nilipokuwa nasimama.

Nyali, pole sana ndugu yangu. Umeniokoa na jambo kubwa.

Kesho asubuhi nazitoa plagi.

MAMA PASSO:

Samahanini kwa kuingilia. Niko Dodoma, nina Passo ya 2007 ya silinda tatu pia. Yangu haichemshi wala haipunguzi maji, ila nikiweka D na kukanyaga breki inatetemeka mpaka kioo cha pembeni kinacheza. Nikiweka N inatulia. Nayo ni gasketi? Nimeogopa baada ya kusoma hapa.

FUNDI WA MWENGE:

Dada, usiogope. Silinda tatu kwa asili yake haitulii kama nne, lakini kioo kucheza ni kupita kiasi. Kwa kuwa N inatulia, anza na mikono ya injini, zile raba zinazoishikilia kwenye bodi. Fungua boneti, mtu akanyage breki aweke D, wewe simama pembeni, si mbele ya gari, uangalie injini inavyoinuka. Ikiruka sana, raba imekatika. Kama raba ni nzima, safisha koo la hewa, ile sahani inayofunguka ukikanyaga mafuta. Huwa inapata utando mweusi, hewa ya sailensa, yaani ya injini inapowaka bila kukanyaga mafuta, inakuwa ndogo. Usibadilishe koili wala plagi kabla ya hayo mawili.

MTABATA:

Wakuu, leo.

Namba ni P0302. Tumehamisha koili ya pili na ya tatu kama ulivyosema, nimezunguka Tabata Segerea na kurudi, imesomwa tena: P0302. Kwa hiyo laki kasoro elfu kumi ya koili ilikwenda bure.

Plagi nimezitoa saa kumi na mbili asubuhi kabla sijaiwasha, nikazipanga juu ya gazeti. Hizi ni plagi za wiki tatu tu. Ya kwanza na ya tatu zina rangi kama biskuti. Ya pili ni nyeupe safi, hata chuma chake kinang'aa, na kwenye nyuzi zake kulikuwa na tone la maji. Nimelishika kwa kidole. Maji, fundi. Si petroli, halina harufu.

Nilikaa pale chini nikiitazama kwa muda mrefu. Niliambiwa ringi, ringi, ringi, na hakuna aliyenionyesha kitu kama hiki.

FUNDI WA MWENGE:

Hiyo ndiyo niliyokuwa naisubiri. Maji yanaingia silinda ya pili usiku gari ikiwa imelala, kwa sababu presha ya rejeta bado ipo na tundu lipo. Asubuhi ukiwasha, silinda ile ina maji, inamisi, inatetemeka. Baada ya dakika mbili maji yamegeuka mvuke na kutoka, inatulia. Moshi mweupe ni mvuke wake. Na mvuke huohuo ndio uliosafisha plagi.

Sasa leta gari, tumalize kwa vipimo. Sitaki unifanyie mimi kosa ulilomfanyia mwenzangu, la kuamini maneno. Uje uone kwa macho yako.

MTU WA UYOLE:

Fundi, nami nina swali nikiwa Mbeya. Nimepima kompresheni ya Vitz yangu, zote tatu zinasoma psi 150 (psi ni kipimo cha presha), wakati mtandaoni naona watu wanataja 180 na zaidi. Na chini ya mfuniko wa oili asubuhi nakuta povu la rangi ya maziwa. Nimekufa na mimi?

FUNDI WA MWENGE:

Hapana. Mbeya mko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa yenu ni nyepesi, injini inavuta hewa pungufu, na kipimo kinashuka pamoja nayo. Kinachoniambia habari ni ulingano. Toyota kwa kawaida hutaka tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 15 hivi. Wewe zote 150, zinalingana, kaa kwa amani.

Hilo povu, kama liko kwenye mfuniko tu na kijiti cha oili ni kisafi, mara nyingi ni unyevu wa baridi, hasa Juni na Julai kwenu, kwa mtu anayeendesha safari fupifupi. Endesha safari ndefu ya saa nzima kisha uangalie. Likiisha, ndilo hilo. Oili yenyewe kwenye kijiti ikiwa kama chai ya maziwa, au maji yakipungua, usiiwashe tena mpaka ifunguliwe.

MTABATA:

Wakuu, mrejesho wa gereji. Naandika kila kitu kwa sababu nilipokuwa natafuta kabla ya kufungua uzi huu sikupata mtu aliyeeleza hatua kwa hatua.

Kompresheni, injini ikiwa na moto, plagi zote nje, mafuta yamekatwa, mtu amekanyaga pedali ya mafuta mpaka chini: silinda ya kwanza 185, ya pili 130, ya tatu 180. Fundi akamimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la silinda ya pili, akapima tena. Ikasoma 133. Akanieleza kwamba oili huziba ringi kwa muda, kwa hiyo kama tatizo ni ringi kipimo kingeruka juu sana. Hakikuruka. Ringi zangu ni nzima. Gari iliyohukumiwa kwa ringi, ringi zake ni nzima.

Kisha akaingiza hewa ya kompresa kwenye silinda ya pili, pistoni ikiwa juu na valvu zimefungwa, mfuniko wa rejeta umetolewa. Akaniambia nisikilize sehemu nne. Ekzosi, kimya. Kwenye koo la hewa, kimya. Kwenye mdomo wa oili, kimya. Kwenye rejeta, mapovu. Yalipanda moja baada ya jingine kama chungu kinachoanza kuchemka, na injini imezimwa. Hewa ya silinda inatokea kwenye maji: gasketi ya hedi, katikati.

Walipofungua hedi nilikuwepo. Pistoni ya kwanza na ya tatu juu zimefunikwa na masizi meusi. Ya pili inang'aa, unaweza kusoma herufi zilizogongwa juu yake. Kwenye gasketi, pembeni ya silinda hiyo, kuna mkwaruzo mweusi wa kama upana wa kidole, umeungua mpaka kwenye njia ya maji.

Fundi akaweka rula ya chuma juu ya hedi na kupenyeza vibati vya kupimia. Kwa hedi za aina hii yeye hakubali kupinda kuzidi 0.05 ya milimita. Yangu ilipitisha 0.12. Hedi ni aluminiamu, chini yake bloku, na aluminiamu ikipata moto bila maji inajikunja. Hicho ndicho kilichotokea kati ya Buguruni na Relini.

FUNDI WA MWENGE:

Niongeze jambo hapo, kwa faida ya wenye Vitz na Passo wote. Gari hizi nyingi hazina mshale wa joto. Kuna taa ya bluu ikiwa ya baridi na nyekundu ikiwa imeshapita kiasi, katikati hakuna kitu. Ile nyekundu haisemi "angalia maji ukifika". Inasema umechelewa, zima sasa hivi. Ukiiona, washa taa za hatari, toka barabarani, zima injini. Kama mahali ni pabaya kwa usalama, kama alivyokuwa shemeji yetu na watoto, hapo maisha ni mbele ya gasketi. Zima AC, fungua hita na feni yake mpaka mwisho, tembea taratibu mpaka penye mwanga wa kwanza, kituo cha mafuta au duka. Hita ni rejeta ndogo, itakupunguzia kidogo.

MTABATA:

Hedi imechongwa kwa fundi wa mashine Gerezani, na kabla ya kuichonga waliipima kwa presha kwenye maji kuona kama ina ufa. Haina. Boliti za hedi tumeweka mpya kwa sababu za zamani zilikuwa zimerefuka, na niliona zikifungwa kwa spana ya kipimo kwanza, halafu kwa nyuzi za mzunguko, kuanzia katikati kwenda nje. Rejeta imesafishwa, wota pampu na themostati mpya, kulanti ya pinki ambayo imeshachanganywa kiwandani, haiongezwi maji. Hewa imetolewa mpaka feni ikawaka na kuzima mara mbili.

Hesabu: vipimo 40,000, seti ya gasketi 145,000, wota pampu 110,000, kuchonga hedi 70,000, boliti 60,000, themostati 45,000, kulanti 40,000, oili na filta 75,000, ufundi 280,000. Jumla 865,000.

Imebaki elfu thelathini na tano ya ada, na Januari nitajua namna. Lakini injini ya mtumba ingekuwa 2,200,000, na wota pampu inayovuja ingehamishiwa kwake.

KIJANA WA MBAGALA:

Mkuu hongera sana. Fundi, nimekuelewa, wiki hii narudisha themostati. Naomba kuuliza: mtu ambaye kweli injini yake imekufa, anunueje ya mtumba asiuziwe bomu?

FUNDI WA MWENGE:

Ikague kabla haijafungwa. Toa plagi zake uzisome, zungusha krenki, ule mhimili wa injini, kwa spana uhakikishe inazunguka bila kukwama, fungua mfuniko wa oili uangalie kama ndani ni rangi ya dhahabu au tope jeusi, angalia midomo ya maji kama ina kutu. Muuzaji akikataa usipime kompresheni, ondoka. Mpatane kwa maandishi siku za kuijaribu. Na usisahau namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, ukibadilisha nenda TRA warekebishe, vinginevyo siku ya kuuza utahangaika.

MTU WA UYOLE:

Nimeendesha Mbeya hadi Tukuyu na kurudi. Povu limeisha, kijiti kisafi. Asante fundi.

MTABATA:

Wakuu, ni miezi mitatu sasa. Kwenye tangi la akiba nilichora mstari kwa kalamu ya kudumu siku ile natoka gereji. Nimeangalia leo asubuhi, kulanti ipo palepale. Kompresheni tulirudia baada ya mwezi: 185, 180, 185. Kilima cha kwetu inapanda kwa gia ya pili, na mafuta yamerudi kunifikisha Alhamisi.

Nimenunua kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD chini ya usukani, kinatuma joto la injini kwenye simu. Mke wangu ameweka simu pale karibu na redio. Jana foleni ya Buguruni, palepale, ilipanda hadi 96, feni ikawaka, ikashuka hadi 90. Akanipigia kunisomea namba.

MAMA PASSO:

Fundi, ilikuwa raba ya mkono wa upande wa giaboksi, imekatika vipande viwili. Kioo kimetulia. Mungu akubariki.